Kupima kasi ya sauti shuleni kwa mbao mbili, ukuta na stopwochi

Walimu wengi wa fizikia huanza na njia ya uwanjani. Mwanafunzi mmoja anasimama mwisho wa uwanja na mbao mbili, anazigonganisha juu ya kichwa ili aonekane. Mwenzake wa upande wa pili anabonyeza stopwochi anapoona mbao zinakutana, anaibonyeza tena anaposikia mlio. Umbali unagawanywa kwa muda, kazi imekwisha. Ubaoni njia hii haina dosari. Uwanjani kundi moja linapata mita 220 kwa sekunde, jingine 600, na darasa linarudi likiamini kwamba fizikia ni kukariri jibu la kitabu.

Shida haiko kwenye futi kamba. Sauti hukata mita 100 kwa sekunde 0.29 hivi, na mtu mwepesi huhitaji sekunde 0.2 hivi tangu aone jambo mpaka kidole kibonyeze. Ni kweli kwamba uchelewaji huo uko mwanzoni na mwishoni, na kwa sehemu unafutana. Lakini haufutani wote: jicho na sikio haviamshi kidole kwa mwendo mmoja, na mwanafunzi anayejua mlio uko njiani hubonyeza kabla haujafika. Ukikosea sekunde 0.1 tu katika 0.29, umekosea theluthi nzima ya jibu. Hapo hata ukipima umbali hadi milimita, hujaokoa kitu.

Kwa hiyo kazi yote ya jaribio hili ni kuurefusha muda unaopimwa. Ukiwa na nafasi, refusha umbali. Mwaka 1822 wanasayansi wa Ufaransa, Arago na Gay-Lussac wakiwemo, pamoja na Mjerumani Humboldt, walipigisha mizinga kati ya Villejuif na Montlhéry, karibu na Paris, umbali wa kilomita 18 na ushei. Sauti ilichukua karibu sekunde 55 kufika, hivyo kosa la sehemu ndogo ya sekunde halikuwa na uzito. Mizinga ilipigwa kutoka pande zote mbili ili upepo uliosaidia sauti ya huku uizuie ya kule. Shule haina mizinga, na ingekuwa nayo mkuu wa shule asingetia saini.

Njia ya pili ni kurudiarudia. Badala ya kupima safari moja ya sauti, unapima safari 40 zilizofuatana, kisha unagawa. Chombo kinachofanya hivyo bila gharama ni mwangwi. Newton mwenyewe alilinganisha mwangwi na mwendo wa pendulamu (uzito unaoning'inia na kupembea) katika ukumbi wa nje wa Nevile's Court, Trinity College, Cambridge. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa shule yoyote, iwe na maabara au isiwe nayo, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu.

Ukuta, umbali na mbao

Tafuta ukuta mmoja mpana, mrefu na mtupu: ubavu wa bwalo, bweni la ghorofa, jengo la utawala. Mbele yake pawe na eneo wazi la mita 80 hadi 110. Madirisha hayana tatizo, na hata ukuta wa mabati unarudisha sauti vizuri. Kinachoharibu ni majengo mengine ya kando, kwa sababu kila moja huleta mwangwi wake. Nenda peke yako siku moja kabla, gonga mara moja, usikilize. Ukisikia mlio mmoja mkavu ukirudi, umepata ukuta. Ukisikia mvumo unaotawanyika, tafuta mwingine. Usisogee karibu sana: chini ya mita 17 hivi sikio halitenganishi mlio na mwangwi wake.

Umbali upimwe kwa futi kamba, kutoka ukutani hadi pale mbao zinapogongwa, kwa mstari ulionyooka unaoukabili ukuta. Futi kamba ya mita 30 inatosha. Piga vigingi kila inapoishia. Usihesabu hatua. Usichukulie pia kwamba uwanja wa mpira ni mita 100, maana sheria za mpira zinaruhusu urefu wa kuanzia mita 90 hadi 120, na wa shule yako huenda uliishia pale trekta lilipokutana na kichuguu.

Mbao ziwe ngumu. Vipande viwili vya mninga kutoka kwa fundi seremala, kila kimoja sentimita 30 kwa 10 na unene wa sentimita 2, vikaunganishwa kwa bawaba upande mmoja na kuwekewa vishikio, hutoa mlio mkali unaosikika ukirudi. Makofi ya mikono yanafaa kwa mita 50, lakini baada ya dakika chache mikono inawaka na mdundo unaharibika. Baruti na fataki hazina nafasi hapa hata kidogo.

Fanya kazi hii asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka na wakati madarasa mengine yako ndani. Habari njema ni kwamba upepo mdogo haukusumbui sana katika mwangwi: sauti ikisukumwa wakati wa kwenda, inazuiwa wakati wa kurudi.

Kuushika mdundo

Kila kundi liwe na watu wanne: mgongaji, mhesabu, mpima muda na msikilizaji. Msikilizaji asimame hatua moja nyuma ya mgongaji, afumbe macho.

Mgongaji aanze polepole. Kati ya mgongo mmoja, yaani kugonga mbao mara moja, na mwingine mwangwi utasikika wazi: pa, halafu kimya kidogo, pa hafifu. Aongeze mwendo taratibu. Pengo kati ya mwangwi na mgongo unaofuata litaanza kupungua, mpaka milio isikike miwilimiwili, taka, taka, taka. Akiendelea kuongeza kidogo tu, mwangwi unapotea. Haujaenda kokote. Umeangukia juu ya mgongo unaofuata na umemezwa. Mdundo huo ndio unaotafutwa. Kwa mita 90 ni kama migongo miwili kwa sekunde.

Sasa uhakikishe. Mwambie mgongaji aache ghafla. Baada ya mgongo wa mwisho, mwangwi mmoja unapaswa kuja peke yake, tena mahali hasa ambapo mgongo uliofuata ungepigwa. Ukija mapema, alikuwa anakwenda polepole. Ukichelewa, alikuwa anakimbia. Wanafunzi wakishausikia mwangwi huo wa mwisho ukitua mahali pake, huhitaji tena kuwaeleza jaribio linahusu nini.

Mgongaji ashike mdundo kwa migongo kumi hivi kabla ya kupima chochote. Kisha mhesabu apaze sauti pamoja na migongo: tatu, mbili, moja, sifuri, moja, mbili, tatu, na kuendelea hadi arobaini. Stopwochi ianze kwenye sifuri na isimame kwenye arobaini.

Hapo pana mambo mawili. La kwanza ni hiyo sifuri. Unahesabu nafasi zilizo kati ya migongo, na ukianzisha saa kwenye "moja" ukaizima kwenye "arobaini", umepima nafasi 39 halafu utagawa kwa 40. Jibu litazidi kwa asilimia mbili na nusu. Kundi lililohesabu migongo kumi tu litazidisha kwa zaidi ya asilimia kumi na halitajua kosa limetoka wapi. La pili ni kule kuhesabu kushuka kabla ya sifuri. Mpima muda akishauingia mdundo hasubiri kushtuliwa na mlio; anabonyeza pamoja nao, kama mpiga ngoma anayejua kipigo kinachofuata. Ule uchelewaji wa sekunde 0.2 uliotuharibia jaribio la uwanjani unabaki mdogo sana, na huo uliobaki unagawanywa kwa 40.

Rudia mara tano, mkibadilishana nafasi. Mgongaji asione stopwochi kabisa, wala asiambiwe matokeo ya mwenzake, la sivyo mikono itaanza kutafuta jibu.

Kama eneo la shule ni dogo na ukuta uko mita 50 tu, mdundo wa kumeza mwangwi ungehitaji zaidi ya migongo mitatu kwa sekunde, jambo gumu kwa mkono wa mtu. Badala yake gonga polepole hadi mwangwi uangukie katikati kabisa ya migongo miwili, ili pa kubwa na pa ndogo zipishane sawasawa kama hatua za mtu anayetembea. Hapo muda kati ya migongo ni mara mbili ya safari ya kwenda na kurudi, na hesabu inabadilika kidogo.

Hesabu

Mwangwi ukimezwa na mgongo unaofuata, sauti imekwenda na kurudi katika nafasi moja:

kasi = 2 × umbali ÷ muda wa nafasi moja

Mwangwi ukianguka katikati:

kasi = 4 × umbali ÷ muda wa nafasi moja

Tuseme kundi liko mita 90 kutoka ukutani, na nafasi 40 zimechukua sekunde 20.9, 21.2, 20.7, 21.0 na 20.8. Wastani ni 20.92. Nafasi moja ni 20.92 ÷ 40, yaani sekunde 0.523. Kasi ni 180 ÷ 0.523, yaani mita 344 kwa sekunde.

Usiwaruhusu waishie hapo. Kipimo kikubwa kabisa kimekizidi kile kidogo kabisa kwa sekunde 0.5, nusu yake ni 0.25, ambayo ni kama asilimia 1.2 ya wastani. Asilimia 1.2 ya 344 ni 4. Kwa hiyo jibu liandikwe 344, kuongeza au kupunguza 4. Kundi lililoandika hivyo limefanya kazi bora kuliko lililoandika 348.1736 kwa sababu kikokotoo kilionyesha hivyo, na kwenye kusahihisha mimi hulipa alama zaidi.

Kukiwa na kipindi cha pili, pimeni kwenye mita 80, 90, 100 na 110, kisha mchore grafu: umbali wa kwenda na kurudi kwenye mhimili wa wima, muda wa nafasi moja kwenye mhimili wa ulalo. Mteremko wa mstari ndio kasi ya sauti. Faida yake ni hii: ikiwa mlipima umbali wote kutoka mahali pasipo sahihi, kwa mfano kutoka kwenye baraza badala ya ukuta wenyewe, mstari hautapita kwenye sifuri lakini mteremko hautaguswa.

Joto lazima lipimwe

Wanafunzi wataulizana kwa nini hawakupata 330 ya kitabu hiki wala 340 ya kile. Vitabu vyote viwili haviko mbali na ukweli, ila havizungumzii hewa ya joto moja. Kwa joto la kawaida la mazingira yetu:

kasi = 331.3 + 0.6 × joto kwa nyuzi za Selsiasi

Asubuhi ya nyuzi 12 huko Njombe kwenye miezi ya baridi, tegemea mita 338 na nusu kwa sekunde. Mchana wa nyuzi 31 pale Tanga, tegemea karibu 350. Tofauti hiyo ya mita 11 hivi ni kubwa kuliko kosa la kundi makini, kwa hiyo darasa linaweza kuiona kabisa. Kipimajoto kiwekwe kivulini, kimo cha kichwa, dakika chache kabla ya kuanza. Kikining'inizwa juani kitapima jua lenyewe.

Wengi hudhani Njombe inatofautiana na Tanga kwa sababu iko juu na hewa yake ni nyepesi. Sivyo. Mwinuko hupunguza kani ya mgandamizo na uzito wa hewa kwa pamoja, na katika kasi ya sauti mambo hayo mawili hufutana. Kinachobaki ni joto. Unyevu nao huongeza kasi, lakini ni mita moja au mbili tu hata pwani, kwa hiyo uache.

Darasa lenye hamu linaweza kusikia na kisa cha hesabu ya Newton. Alikokotoa kasi ya sauti kwa nadharia akapata futi 979 kwa sekunde, kama mita 298, pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi. Alichukulia kwamba hewa ikibanwa na wimbi la sauti, joto linalozaliwa linapata muda wa kutoroka. Halipati, wimbi linapita upesi mno. Laplace, mwanahisabati Mfaransa, ndiye aliyelirekebisha hilo mwaka 1816.

Simu mbili

Wanafunzi wengi hawaruhusiwi simu shuleni, lakini walimu wawili wanazo. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ni ya bure, na ikishapakuliwa haihitaji bando kufanya jaribio hili. Ndani yake kuna saa inayoanza ikisikia mlio na kusimama ikisikia mlio mwingine.

Weka simu mbili zikiwa mita 10 kati yake, mtu mmoja pembeni ya kila simu. Aliye kwenye simu ya kwanza anapiga kofi: simu yake inaanza mara moja, ya pili inaanza kwa kuchelewa kidogo. Baada ya sekunde moja au mbili, aliye kwenye simu ya pili anapiga kofi lake: simu yake inasimama kwanza, ya mwenzake inachelewa. Simu ya kwanza itaonyesha muda mrefu zaidi, na tofauti ya simu hizo mbili ni muda wa sauti kwenda na kurudi. Kasi ni mita 20 gawa kwa tofauti hiyo, ambayo itakuwa karibu sekunde 0.057. Hakuna kidole kinachobonyeza, na hakuna haja ya kulinganisha saa za simu hizo.

Panga kizingiti cha sauti kiwe juu kuliko kelele za mahali pale, na weka muda mfupi ambao saa haitasikiliza chochote baada ya kuanza, vinginevyo kofi moja litaianzisha na kuizima papo hapo. Kofi lipigwe sawa na mstari unaounganisha simu, karibu kabisa na simu yenyewe.

Njia hii ni sahihi na ya haraka. Lakini ikiwa una kipindi kimoja tu, nenda na mbao. Simu hutoa namba; mbao humfanya mwanafunzi asikie sauti ikisafiri.

Bomba na ndoo, mvua ikinyesha

Ndani ya darasa chukua kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 40 na kipenyo cha sentimita 4, kilicho wazi pande zote mbili, na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Simu ya mwalimu itoe toni ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, kwa programu yoyote ya kutoa toni. Zamisha bomba karibu lote, shikilia spika ya simu juu ya mdomo wake bila kuuziba, kisha lipandishe bomba polepole.

Kwenye urefu fulani wa hewa bomba litaitikia: sauti inavimba ghafla, halafu inafifia ukipita. Pandisha na kushusha milimita chache mpaka uhakikishe pale inapovimba zaidi, kisha pima kutoka usawa wa maji ndani ya bomba hadi mdomoni. Kwa nyuzi 28 itakuwa karibu sentimita 7.5. Endelea kupandisha, litaitikia tena karibu na sentimita 24.9. Tofauti ya urefu huo wa kwanza na wa pili ni nusu ya urefu wa wimbi, hapa mita 0.174, na kasi ni urefu wa wimbi mara idadi ya hezi, kwa hiyo:

kasi = 2 × 1,000 × 0.174 = mita 348 kwa sekunde

Usitumie urefu wa kwanza peke yake. Wimbi huanzia juu kidogo ya mdomo wa bomba, kiasi cha 0.3 ya kipenyo, hapa kama sentimita 1.2. Ukizidisha 7.5 kwa 4 utapata kasi ya mita 300 na utabaki unashangaa. Ukitoa urefu mmoja kwa mwingine, nyongeza hiyo inafutika yenyewe. Bomba lako likiwa fupi na mwitikio wa pili haupatikani, panda hadi hezi 1,200. Utaupata karibu na sentimita 20.6.

Majibu ya ajabu

Kundi likileta 174 baada ya kugonga ukutani, ama limesahau kwamba sauti ilikwenda na kurudi, ama mwangwi ulikuwa unaanguka katikati nao wakatumia hesabu ya kumeza. Likileta karibu 700, limefanya kinyume: wamezidisha kwa 4 pasipostahili, au mgongaji alikimbia mno na mwangwi ukawa unaangukia mgongo wa pili badala ya unaofuata. Mwambie aanze upya polepole na akubali mdundo wa kwanza unaomeza mwangwi, asiruke hadi mwingine.

353 palipotegemewa 344 ni ile sifuri. Majibu matano yanayotofautiana sana yanaonyesha mdundo haukushikwa, na dawa yake ni kubadilisha mgongaji. Mara nyingi anayefaa ni yule anayepiga ngoma kwenye kwaya ya shule, hata kama ndiye wa mwisho katika mtihani wa fizikia.